Bizimu la Mkanda wa Babu

Mara ya kwanza mashine ilipolia, niliruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Ilikuwa asubuhi, nyuma ya nyumba yetu Sekei, kati ya kamba ya kuanikia nguo na tangi la maji. Mimi, mtu mwenye mvi, miwani na shahada mbili, nilipiga magoti kwenye majani yenye umande nikaanza kuchimba kwa mwiko wa fundi ujenzi, moyo ukinidunda. Nilitoa kijiko cha chai. Nikakifuta kwenye suruali, nikakiinua juu kukitazama vizuri.

Mke wangu alikuwa dirishani, jikoni.

"Hicho nakitafuta tangu Krismasi," akasema. "Endelea baba, usichoke. Bado kuna kifuniko cha sufuria ndogo."

Alikuwa ananikejeli. Hakujua kwamba asubuhi ile hapakuwa na mtu mwenye furaha kunishinda Arusha nzima. Kitu kilikuwa chini ya ardhi, hakuna aliyekiona, na mimi nilikisikia. Ni kweli kilikuwa kijiko. Lakini nilikisikia!

Mashine yenyewe haikuwa yangu. Rafiki yangu niliyesoma naye alikwenda nayo Chunya kutafuta dhahabu, akarudi bila dhahabu, akaniachia niihifadhi kwa sababu mkewe aliapa hataki kuiona tena ndani ya nyumba yake. Ni fimbo ndefu yenye sahani nyeusi chini na kisanduku juu, pamoja na spika za kuvaa masikioni. Unaipitisha sahani karibu na ardhi, polepole, kama mtu anayepiga pasi shuka lisilo na mwisho. Ikipita juu ya msumari inakoroma. Ikipita juu ya shaba inaimba, tena kwa sauti nyembamba, tamu, ya kumfanya mtu wa makamo asahau kwamba ana mgongo.

Rafiki yangu alitafuta dhahabu. Mimi nilitaka mabizimu ya mikanda ya askari. Nilisoma historia chuo kikuu, na kilichobaki kichwani ni mapenzi ya vitu vidogo visivyo na faida. Katika vita vile vya Wajerumani na Waingereza majeshi yalipita kwenye miteremko hii ya Mlima Meru, na askari ni watu wa kudondosha vitu: vifungo, maganda ya risasi, vibati vya kofia. Kwangu bizimu, kile kichuma cha kufungia mkanda, ndicho kilichokuwa mfalme wa vyote. Askari anaweza kupigana bila medali. Hawezi kupigana huku ameshika suruali.

Tatizo ni kwamba kwetu huku huwezi kutembea na mashine ya namna ile ukawaambia watu unatafuta bizimu wakakuelewa. Kila mtu anajua kwamba Mjerumani alizika mali. Nilikwenda Engutoto, kwenye kiwanja cha jamaa yangu ambacho bado hakijajengwa, nikavaa spika zangu, na kabla sijamaliza upande mmoja nilikuwa na watazamaji kama wa mpira.

"Mzee, ramani unayo?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Natafuta vichuma vya mikanda," nikasema.

"Sawa, sawa." Akamkonyeza mwenzake. "Hata sisi tunatafuta vichuma vya mikanda. Tutagawana tu, usijali."

Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi aliwaeleza wenzake, kwa uhakika kabisa, kwamba babu yangu alikuwa mpishi wa Mjerumani na ndiye aliyeshika taa wakati dhahabu inazikwa. Mashine ikaimba. Umati uliponiona nimeganda ukasogea. Nilichimba jasho likinitiririka, nikatoa kizibo cha soda. Mama wa maandazi akatikisa kichwa kwa heshima kubwa.

"Ameshaihamisha," akawaambia. "Wasomi hawa ni wajanja sana."

Habari hizo zilipanda mlima kabla yangu. Jioni ileile baba mkwe alinipigia simu kutoka Akheri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia una kitu kinachosikia chuma."

"Ndiyo, baba."

"Njoo nacho."

Akakata. Nilibaki nimeishika simu kama imeniuma. Lazima nieleze uzito wa maneno hayo mawili. Mimi ni Mchaga niliyeoa Umeruni, na katika miaka yote ya ndoa yangu baba mkwe hakuwahi kuniomba kitu. Kati ya waliooa mabinti zake, mmoja ana lori na mwingine ni daktari wa mifugo. Mimi naandika makala. Wageni wakija hunitambulisha hivi: "Na huyu ni mkwe wetu, yuko mjini." Kisha hunyamaza kidogo, kama anayetafuta la kuongeza, halafu huwakaribisha chai.

Tulipanda Akheri Alhamisi, mimi na mke wangu, mashine imelala kiti cha nyuma kama mgonjwa. Jumapili ya wiki ile binti yetu alikuwa anapata kipaimara, na sherehe ingefanyika hapo kwa babu yake. Uwanja ulikuwa umeshaanza kufagiliwa na nguzo za turubai zimelazwa chini ya migomba.

Baba mkwe hakusubiri hata chai. Alinichukua mpaka nyuma ya banda la ng'ombe, akatazama kushoto na kulia, akanieleza shida yake.

Babu yake alikuwa askari wa Mjerumani. Alirudi kutoka vitani na mkanda wenye bizimu la shaba, bizimu lenye taji, akauvaa mpaka ngozi ikaoza, na bizimu likapotelea humohumo shambani. Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyosimulia. Lakini palikuwa na jirani, mzee wa rika lake, aliyekaa naye dawati moja shuleni na ambaye shamba lake limepakana na hili. Jirani huyo hakukubali hata kidogo. Kila palipokuwa na mkusanyiko, uwe msiba au harusi, alisimama na kusema kwa sauti ya upole: "Hawa ni watu wazuri sana. Babu yao aliwabebea Wajerumani mizigo mpaka Tabora, na hakuangusha hata sanduku moja."

Watu walicheka kila mara, hata waliokuwa wameshausikia utani huo tangu utotoni. Na jirani huyo alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili ndiye angesimama kutoa neno kwa niaba ya majirani.

"Mpagazi!" baba mkwe akasema, masharubu yakimtetemeka. "Mbele ya mjukuu wangu, siku ya kipaimara chake, atasema mpagazi. Nataka bizimu la babu likae meza kuu, mbele ya keki. Afungue mdomo, alione, aufunge."

"Tutalipata, baba," nikasema. Sijui nani alinituma.

"Shamba lote ni lako. Pita kwenye kahawa, pita kwenye migomba, pita hata uani kwa mama. Ila kule mpakani, kwenye masale, usisogee."

Hilo halikuhitaji maelezo. Isale ni mmea wa majani marefu, membamba, na kwa Wameru, kama kwetu Kilimanjaro, ndiyo alama ya mpaka wa shamba. Likishapandwa haling'olewi. Tena ni jani hilohilo ambalo mtu akimkosea mwenzake hulifunga fundo na kumpelekea kuomba radhi, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa. Mtu mwenye akili timamu hachezi na isale. Nilidhani mzee ananikumbusha adabu tu.

Kazi ikaanza, na ikawa wazimu mtupu. Kwanza kulikuwa na suala la mama mkwe. Mila zetu hazimruhusu mkwe kuinama ovyo mbele ya mama mkwe wake, na kutafuta bizimu, nasikitika kusema, ni kazi ya kuinama. Tukakubaliana, kupitia mke wangu, kwamba mama akikaribia atakohoa, nami nitasimama wima na kuvaa uso wa mtu anayetafakari. Asubuhi ile alikohoa akienda kwa ng'ombe, akakohoa akienda kwa kuku, akakohoa akienda mferejini na akirudi, na mimi niliinuka na kuinama, niliinuka na kuinama, mpaka mke wangu akauliza kama napasha misuli kwa ajili ya mechi.

Lakini mashine ilipoimba, mama alishindwa kukaa mbali. Kufikia alasiri alikuwa anakuja mbio bila kukohoa, kanga mkononi, akiuliza kwa mbali, "Ni lenyewe? Ni lenyewe?" Nami nilimjibu kichwa kikiwa shimoni na makalio yakitazama kilele cha Meru, adabu zote zimeshachukuliwa na maji ya mfereji.

Tulipata vitu. Tulipata jembe lililolimiwa mpaka likabaki dogo kama kijiko. Tulipata kufuli lililofungwa, bila ufunguo na bila mlango. Tulipata kengele ya baiskeli ambayo, baada ya kuoshwa, ilitoa mlio, na mama mkwe akaizunguka nayo nyumba nzima akiipigia kuku. Baba mkwe aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akipokea kila kitu kutoka mkononi mwangu, akikigeuza, akikipuliza, kisha akikitupa nyuma ya bega bila neno.

Ijumaa jioni, chini ya mibuni ya zamani, nilitoa ganda la risasi. La shaba, limebonyea upande mmoja. Nilipiga kelele. Mke wangu akapiga vigelegele. Ng'ombe akaitikia.

"Vita vilipita hapa!" nikasema. "Baba, vilipita hapahapa tulipo!"

"Ganda si ushahidi," akasema. "Nikimwonyesha ataniambia hata mpagazi huokota." Lakini alilitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo chake, na alipoondoka kwenda kunawa nilimwona ametanguliza kifua, miguu anaipiga chini kama mtu anayesikia ngoma ya mbali.

Jumamosi ilipofika tulikuwa tumepita kote. Kahawa, migomba, uani kwa mama, hata chini ya tanuri la matofali lililobomoka. Bizimu hakuna. Baba mkwe aliondoka na uso mrefu kwenda kuchagua mbuzi wa sherehe. Tukabaki mimi na mke wangu tunautazama mpaka, na yale masale yamejipanga kama watu waliokatazwa kucheka.

"Kusikiliza si kung'oa," mke wangu akasema.

"Baba alisema nisisogee."

"Basi usisogee. Simama hapo. Sahani ndiyo isogee."

Huyo ndiye mwanamke niliyemwoa. Nilisimama kwenye migomba, nikanyoosha mkono mpaka bega likalia, sahani ikafika chini ya isale kubwa kuliko yote.

Mashine iliimba mpaka nywele zikanisimama. Sauti nyembamba, safi, haikatiki. Nilimvalisha mke wangu spika naye asikie, macho yakamtoka. Hapo akili ya shahada mbili ilifanya hesabu yake: nikichimba kutoka upande wetu, kwa chini, kama fuko, isale halitajua. Nikachimba. Nilikuwa nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko isale lilipoanza kuinama, taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeaga. Kisha likaanguka zima na mizizi yake upande wa jirani.

Na jirani akatokea. Alikuwa amevaa viatu vya mvua na amebeba mkungu wa ndizi begani, zawadi ya sherehe yetu. Aliutua chini. Akalitazama isale, akanitazama mimi, udongo hadi kwenye miwani.

"Mkwe wa watu," akasema, "mpaka unaelekea wapi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nauliza unaelekea wapi, maana naona umelala kwangu. Tangu asubuhi shamba lenu limekua kwa urefu wa isale zima." Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeletewa chakula kitandani. "Kesho nilikuwa na maneno machache tu. Sasa ninayo mengi."

Nilikwenda kumtafutia baba mkwe silaha, nikampa adui yake. Nilifanya ambalo mtu yeyote aliyelelewa mlimani angelifanya: nilivunja jani la isale, nikalifunga fundo, nikapiga magoti na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Hakulipokea mara moja.

"Jani hili umelitoa wapi?"

"Hapa, mzee."

"Hapa wapi?"

"Kwenye hili... hili lililoanguka."

"Yaani umeng'oa isale langu, halafu unaniomba radhi kwa isale langu."

"Nusu ni la baba," mke wangu akadakia.

"Basi nimeombwa nusu ya radhi." Lakini alilipokea, kwa sababu halikataliwi, na akalichomeka kwenye kofia.

Mke wangu alikuwa tayari ameingiza mkono shimoni. Aliutoa polepole akiwa ameshika donge la udongo, akalipasua kwenye goti, na ndani yake palikuwa na kitu cha mviringo, cha kijani, kizito, chenye kulabu nyuma.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa: "Bizimu! Bizimu!"

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua mama mkwe alifika bila kukohoa, akanishika mikono yote miwili, tukaruka pamoja, mama mkwe na mkwe, jambo ambalo nadhani halijawahi kutokea pande zote mbili za mlima. Mke wangu alikuwa anapiga vigelegele juu ya mkungu wa ndizi. Jirani peke yake hakuruka, tabasamu limemkauka.

"Kumbe kweli," akajisemea. "Kumbe alikuwa askari."

Ndipo baba mkwe akatokea, akimvuta mbuzi kwa kamba.

"Baba!" mke wangu akamkimbilia. "Tumelipata! La babu!"

Nilitegemea machozi ya furaha. Baba mkwe alilitazama bizimu, akalitazama isale chini, akamtazama jirani, na rangi ya uso wake ikawa kama ya uji.

"Mmelitoa wapi?"

"Chini ya isale."

"Rudisheni."

"Baba?"

"Lizikeni. Pandeni isale juu yake. La babu lilikuwa... lilikuwa kubwa zaidi."

Lakini mama mkwe alikuwa ameshakimbilia majivu na limau, na jirani, ambaye ni mtu wa haki japo ana mdomo, alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Leteni nilisugue mimi," akasema. "Nilione hilo taji kwa macho yangu, kisha niombe radhi mbele ya huyu mbuzi."

Alisugua. Sote tulimzunguka. Kijani kikatoka, shaba ikaanza kung'aa, na katikati, badala ya taji, likajitokeza ua. Ua lenye majani matatu. Ua la skauti.

Jirani aliacha kusugua. Akaligeuza. Nyuma palikuwa na alama ya msalaba iliyokwaruzwa kwa msumari. Mbuzi ndiye aliyesema kwanza.

"Hili ni langu," jirani akasema.

"Nilichaguliwa kiongozi wa skauti shuleni kwetu," akaendelea, sasa akituambia sisi lakini macho yako kwa baba mkwe. "Mkanda ulikuwa mmoja tu, wa kiongozi. Siku ya gwaride kubwa mjini naamka, mkanda hakuna. Nilipita mbele ya bwana mkubwa, mbele ya shule za wasichana, nimefunga suruali kwa kamba ya mgomba. Kamba ya mgomba! Wakati wa kupiga saluti ilibidi nichague." Akavuta pumzi. "Nilijua ni wewe. Sikuwa na ushahidi. Unadhani hiyo mpagazi ilitoka wapi? Ningekuita mwizi bila ushahidi? Nikatafuta jina lingine."

Baba mkwe alikuwa anautazama udongo.

"Walikuchagua wewe," akasema mwishowe, na nakuapia sauti ilikuwa ya mtoto. "Na mimi ndiye niliyejua mafundo yote."

Kisha akamkabidhi mke wangu kamba ya mbuzi, akainama pale isale lilipolala, akavunja jani. Alilifunga fundo. Si fundo kama langu. Lilikuwa fundo la kukunjwa na kupitishwa chini na kurudishwa juu, limetulia kama limechorwa. Akamnyooshea mwenzake kwa mikono miwili.

Jirani alilipokea, akaligeuzageuza karibu na pua.

"Fundo zuri," akakiri, kama mtu anayeng'olewa jino.

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alijizuia kwa kanga, kanga ikashindwa, akakaa chini kabisa. Mke wangu akafuata, nami, na jirani akacheka mpaka akamshikilia mbuzi asianguke. Baba mkwe alijitahidi kubaki na uso wa heshima, lakini masharubu yalimsaliti.

"Nimesamehe," jirani akasema akijifuta macho. "Isale halikataliwi. Ila kesho..." Akaelekeza kwa kidevu kwenye mgomba uliokuwa karibu, ambao magamba yake yaliyokauka yalikuwa yananing'inia, tayari kuchanwa kamba.

Tulilipanda isale upya jioni ile, wazee wawili wamelishika shina kila mmoja upande wake, wakibishana kuhusu upana wa unyayo mmoja. Wakati wa chakula baba mkwe hakula. Bizimu la babu hakulipata, la aibu ndilo lililopatikana, na mtu wa kulizungumza mbele ya kanisa zima alikuwa yuleyule. "Atanimaliza," aliniambia. Nilitamani mashine ingekuwa na uwezo wa kufukia.

Jumapili turubai lilijaa. Binti yetu aliketi meza kuu na gauni jeupe, keki mbele yake, loshoro, ule mlo wa mahindi na maziwa mgando, na ndizi nyama zikinukia mpaka barabarani. Baba mkwe aliingia amevaa suti yake ya rangi ya majivu, imepigwa pasi vizuri, na kiunoni, juu ya suruali, amefunga kamba ya mgomba. Minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Hakujibu mtu. Alipofika kwenye utambulisho alinisimamisha.

"Na huyu ni mkwe wetu," akasema. "Yuko mjini." Akanyamaza kama kawaida yake. Nikaanza kukaa. "Anasikia chuma," akaongeza.

Nilipigiwa makofi. Sijawahi kupigiwa makofi kwa makala yoyote.

Kisha mshereheshaji akamwita jirani. Alikuja mbele polepole, koti limefungwa vifungo vyote, akaipokea maiki. Nilimwona baba mkwe ameshika ukingo wa meza.

"Mnajua nimekuwa nikiwaambia babu yao alikuwa mpagazi," jirani akaanza. Watu wakaanza kucheka kabla ya wakati. "Leo nimekuja kufuta." Akafungua koti. Kiunoni, kwenye mkanda mpya, bizimu liling'aa kiasi kwamba waliokaa mbele walikunja macho. "Nilipokuwa skauti, mtu mmoja wa ukoo huu alivamia nyumba yetu, akaniteka mkanda, akazika nyara chini ya mpaka wangu mwenyewe, na akakaa na siri hiyo mpaka amekuwa na wajukuu. Sasa niambieni ninyi. Mpagazi anaweza mambo hayo?"

"Hawezi!" turubai zima likaitikia.

"Hiyo ni damu ya askari. Babu yao alikuwa askari, nasema mimi mzee wa kanisa, na asiyeamini akatazame kamba aliyofunga mjukuu wake. Huyo ni mfungwa wangu wa kivita."

Kelele zilizofuata ziliwaamsha kuku waliokuwa wamelala. Baba mkwe aliinuka. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa lile ganda la risasi, akaliweka mezani, mbele ya keki, karibu na mkono wa mjukuu wake. Jirani alilitazama. Akakaza mgongo, akapiga saluti ya vidole vitatu.

Baba mkwe akaijibu. Mtu wa muziki, sijui alipata wapi akili hiyo, akaweka ngoma ya gwaride, na wazee wawili wakatoka meza kuu kwa mguu wa kushoto, mikono inapanda na kushuka, wakilizunguka turubai huku akina mama wakiwarushia kanga.

Walipofika upande wa migomba, kamba ilikuwa imeshaanza kulegea. Kamba ya mgomba ndivyo ilivyo ikikauka. Niliona suruali ya baba mkwe inashuka kidogo kila hatua, na yeye mkono mmoja uko kwenye saluti na mwingine unapunga kwa mwendo wa gwaride, hana wa tatu. Jirani, aliyekuwa nyuma yake, aliliona hilo kabla yetu. Hakupunguza mwendo wala hakugeuza shingo. Alinyoosha tu mkono, akashika kiuno cha suruali ya mwenzake kwa nyuma, akakikaza, na hivyo hivyo wakaendelea, kushoto, kulia, kushoto, mpaka wakarudi meza kuu.